Muhuri Wangu kwenye Waraka wa Mhandisi Kusunoki

Bwana Naibu Meya wa Tokuura, uliyekatiza kikao kingine ili uwe nasi mchana huu. Bwana Mkurugenzi Mkuu wa Kiwanda cha Shiomi, pamoja na wakurugenzi wenzako wa meza ya mbele. Bwana Mwenyekiti wa Ushirika wa Wavuvi. Maafisa wa kikosi cha uokoaji baharini, mliokuja na sare zilizonyooshwa vizuri hata sisi wengine tukaonekana tumevaa ovyo. Mama Okazoe Fumiyo, mgeni wetu wa heshima. Wafanyakazi wenzangu, mliostaafu na mlio bado kazini. Na wewe mwenyewe, Mhandisi Kusunoki Hideharu, pamoja na mkeo Bi. Sanae: nawasalimu nyote kwa heshima ya kila mmoja.

Mimi ni Wakui Nobumasa, Mkuu wa Idara ya Majaribio. Nimepewa dakika kumi. Walionipa dakika hizo wananifahamu, ndiyo maana msimamizi wa sherehe ameketishwa karibu na swichi ya kipaza sauti. Bwana msimamizi, leo nakuomba uniongezee tano. Nikizidisha hapo, zima.

Kwenye ratiba mliyonayo mkononi imeandikwa kwamba Bwana Wakui atatoa sifa. Nitazitoa, maana zipo nyingi na zote ni za haki. Lakini sikulala vizuri wiki nzima hii kwa sababu ya jambo jingine, na afadhali nilitaje mapema, nisije nikajificha nyuma ya sifa hadi muda ukaisha.

Wengi wenu mnajua kwamba kiwanda kilimwomba Mhandisi Kusunoki abaki kama mshauri, siku mbili tu kwa wiki, awafundishe wahandisi wapya. Alikataa. Akaombwa mara ya pili, akakataa tena, huku ameinama hadi paji la uso likakaribia meza. Kesho anapanda boti kurudi kisiwani kwao. Sababu aliyotoa ilikuwa moja, na aliitoa kwa sauti ndogo: "Mtu asiyeweza kueleza jambo likaeleweka hafai kumfundisha mtu mwingine."

Waheshimiwa, sababu hiyo si ya kweli, na aliyemfanya Mhandisi aiamini ni mimi. Sitaki apande boti akiwa bado anaiamini. Basi, hilo ndilo jambo langu. Sasa tuendelee na sifa.

Nilikuja Shiomi miaka ishirini na sita iliyopita, kijana mwembamba. Msicheke. Bi. Egashira wa meza ya sita ni shahidi, nilikuwa mwembamba. Siku yangu ya tatu kazini, lile sanamu la mpira la kujaribia majaketi ya kujiokolea lilikuwa limepasuka begani na maji yamelijaa. Mhandisi Kusunoki akatoka bwawani, akapita kati ya meza zetu akitutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua samaki sokoni, akasimama kwangu.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui, Bwana Mhandisi. Samahani."

"Vizuri sana."

"Vizuri?"

"Anayejua kuogelea anadanganya. Miguu yake inalisaidia jaketi bila mwenyewe kujua. Wewe utazama kwa uaminifu."

Nikazama kwa uaminifu. Nilipoibuka nikipiga mayowe na kumwita mama yangu, yeye alikuwa ameinama ukingoni na saa ya kuhesabia mkononi, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa: "Wakui, punguza kelele, naandika." Tangu siku hiyo hadi nilipoanza kunenepa, kila jaketi lililotoka kiwandani humu kwenda kwenye boti za wavuvi, chini ya viti vya ndege za visiwani, au kwenye helikopta za hawa mabwana wenye sare, lilinizamisha mimi kwanza. Nikiwa na cheo leo, nilikipata kwa kumeza maji.

Je, tuhesabu alivyovibuni katika miaka thelathini na minane? Hataza zake ni ishirini na tatu. Kuna ule mshipi wa kumpandishia majeruhi kwenye helikopta bila kumbana kifua. Kuna boya la mpira la watu kumi linalojigeuza lenyewe likianguka kifudifudi. Kuna mtelezo wa dharura wa ndege ndogo, ule unaojaa upepo mlangoni na abiria wakateremka kwa makalio. Na kwa kuwa Bi. Egashira nimeshamtaja, niruhusuni niseme kidogo juu ya mtelezo huo.

Mhandisi aliufunga kwenye dirisha la ghorofa ya pili, pale masjala, akataka watu wa kawaida wateremke. Wanajeshi hakuwataka. Bi. Egashira alikuwa mkuu wa masjala. Akasimama dirishani, mkoba kwapani.

"Mhandisi, nikivunjika mguu, nani atakutafutia mafaili yako?"

"Ndiyo maana nataka usivunjike, Bi. Egashira. Lakini mkoba uache."

"Mkoba siuachi. Una dawa zangu na picha ya mume wangu."

"Ndege inawaka moto, Bi. Egashira."

"Basi na iwake. Mume wangu aliteketezwa siku ya mazishi yake, siwezi kumwacha ateketee mara ya pili."

Akateremka na mkoba wake. Chuma cha mkoba kikauchana mtelezo kutoka juu hadi chini, na mama wa watu akatua kwenye maua ya kiwanda. Sisi tulikimbia kumwinua. Mhandisi hakukimbia. Alibaki dirishani akiutazama ule mpasuko, anacheka kwa furaha kama aliyepewa zawadi. "Watabeba mikoba hata tukiwakataza!" akapaza sauti. "Kosa ni la kitambaa!" Akakaa miezi saba akitafuta kitambaa ambacho mkoba wa Bi. Egashira hauwezi kukichana.

Nawaombeni mlishike hilo, kwa maana huyo ndiye mtu tunayemuaga. Katika miaka yote hiyo sijamsikia hata mara moja akimlaumu mtu aliyekosea. Mtu akifunga mkanda kinyumenyume, kosa ni la mkanda. Mtu akishindwa kuipata filimbi, filimbi imewekwa mahali pabaya. Kila mwanadamu aliachiwa nafasi ya kuwa na haraka, na woga, na uzembe wake. Kila mwanadamu, ila mmoja, naye ni yeye mwenyewe.

Sasa nitamtaja marehemu Mzee Okazoe Tatsuji. Mama Okazoe, nilikuja kwako juzi kukuomba ruhusa nimtaje, na ukasema nimtaje tu, yeye mwenyewe alipenda kutajwa.

Mzee Okazoe alitega pweza kwa mitungi ya udongo upande wa kaskazini wa ghuba yetu kwa miaka hamsini, na katika miaka arobaini na mitano ya hiyo hakuwahi kuvaa jaketi. Alisema ni tusi kwa chombo chake. Mhandisi akawa anamfuata gatini asubuhi kabla ya kuja kazini. Siku moja alinichukua niende naye, nikasikia kwa masikio yangu.

"Daktari wa maboya kaja," akasema Mzee Okazoe, bila hata kuinua macho kwenye kamba zake. "Na leo kaleta mgonjwa."

"Huyu ni Wakui. Amezama mara mia mbili na bado yu hai."

"Mbona rangi yake kama ngisi aliyechemshwa?"

"Mzee, jaribu hili jipya. Ni jembamba, halishiki mikono."

"Litashika kamba."

"Halishiki kamba. Nimeondoa vifungo vya mbele."

"Litanicheka."

"Jaketi haliwezi kukucheka, Mzee."

"Jaketi halicheki. Watacheka wale pale." Akaonyesha kwa kidevu wavuvi wenzake waliokuwa wakinywa chai mlangoni mwa ghala la barafu. Mwenyekiti wa Ushirika, naona unatazama chini. Nadhani ulikuwa mmoja wao.

Miaka mitano ilipita hivyo. Mhandisi alimpelekea jaketi, Mzee akamrudishia na kasoro zake: linanuka mpira, linachoma shingo, linanifanya nionekane kama mjamzito. Naye Mhandisi aliandika kila kasoro na kuirekebisha, hadi asubuhi moja Mzee Okazoe akaingia gatini amelivaa, akapita mbele ya wanywa chai wote, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana nina kazi." Hawakucheka. Mwaka ule wavuvi thelathini na mmoja walivaa majaketi. Mzee Okazoe alivaa kwa ajili ya urafiki tu, na wao wakavaa kwa ajili yake.

Mhandisi alikuwa ameanza kuona kasoro moja ambayo Mzee hakuwahi kuitaja. Mwaka huohuo, mwezi wa saba, akaandika waraka wa pendekezo. Aliomba tuongeze mkanda mmoja kwenye jaketi, unaopita kati ya miguu. Basi. Mkanda mmoja.

Vijana mlioajiriwa mwaka huu, ninyi mnaidhinisha mambo kwa kubofya kompyuta, kwa hiyo nivumilieni nieleze tulivyokuwa. Waraka ulizunguka kutoka meza hadi meza, na juu yake palikuwa na visanduku saba vya mihuri. Kila mkubwa alipiga muhuri wa jina lake kwa wino mwekundu, kuanzia wa chini hadi Mkurugenzi Mkuu. Tuliinamisha mihuri yetu kidogo kuelekea kushoto, ili jina la mdogo lionekane linamwinamia mkubwa wake. Na palikuwa na desturi nyingine isiyoandikwa popote. Mtu asiyekubaliana na waraka, lakini asiyetaka kugombana na mwenzake, alipiga muhuri kichwa chini. Hakuna aliyemuuliza kitu. Waliofuata waliuona, wakaelewa, na waraka ukarudi kwa mwandishi na maneno mawili: "Ufikiriwe tena."

Mimi wakati huo nilikuwa mkuu wa sehemu, kisanduku cha tatu.

Ilikuwa ile siku ya kiangazi ambayo mji mzima hula samaki mkunga wa kuchoma. Mnajua foleni ya siku hiyo inavyokuwa pale mkahawani kwa Tobita. Wenzangu walikuwa wameshafika kwenye lifti, na mmoja ameuzuia mlango kwa mguu, ananiita: "Wakui, njoo, tutakuta mifupa!" Waraka wa Mhandisi ulikuwa juu ya meza yangu. Niliusoma? Niliusoma asubuhi, nikaukubali kwa moyo wote. Nikachomoa muhuri wangu, ule wa bei rahisi, ambao alama ya kuonyesha juu na chini ilishakatika, nikaugonga huku nimeshaanza kukimbia. Nikaenda kula mkunga. Ulikuwa mtamu sana, na kwa bahati mbaya utamu wake bado naukumbuka.

Niliporudi, waraka ulishapita. Kesho yake Mkuu wa Idara wa wakati huo, marehemu Bwana Himuro, akaniita ofisini kwake. Hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa ameshika kalamu kama kijiti cha kulia chakula, anaigongagonga mezani.

"Wakui," akaniambia, "kumbe una uti wa mgongo."

"Mimi, Bwana Mkuu?"

"Nimeona muhuri wako kwenye waraka wa Kusunoki. Miaka yote nilidhani wewe ni kivuli chake. Nami niliona vivyo hivyo: wavuvi ndio kwanza wamezoea jaketi, tukiwafunga mikanda mapajani watalitupa baharini. Nimepiga wangu kichwa chini kama wako. Vizuri. Naanza kukuamini."

Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: "Samahani, Bwana Mkuu, niligeuza muhuri kwa haraka, mimi nakubali." Yangechukua muda wa kumeza mate. Angecheka, angenitukana kidogo, waraka ungerudishwa mezani, mkanda ungeshonwa kabla ya majira ya baridi. Kwa nini sikuyasema? Nimejiuliza kwa miaka kumi na moja, na jibu halijawahi kuwa zuri. Hakuna aliyewahi kuniambia nina uti wa mgongo. Nilitaka kukaa na maneno hayo walau siku moja. Kesho yake yalishakuwa magumu kuyarudisha, na kesho kutwa yakawa hayarudishiki.

Nikasema: "Asante, Bwana Mkuu."

Waraka ulirudi kwa Mhandisi mwezi wa tisa. Akaja mezani kwangu nao. Hakuwa na hasira, hakuuliza nani aligeuza muhuri. Yeye alikuwa muungwana mno, asingeweza kuchunguza mihuri ya wenzake. Aliuliza swali moja tu.

"Wakui, wewe ni rafiki yangu, niambie kweli. Niliandika vibaya?"

Nami, waheshimiwa, nikiwa natazama kikombe changu cha chai, nikamjibu: "Labda kidogo, Mhandisi. Labda haikueleweka vizuri."

Akanishukuru. Alinishukuru kwa kumwambia kweli.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, saa mbili asubuhi, Mzee Okazoe alianguka baharini akivuta mitungi yake. Jaketi likajaa upepo kama lilivyopaswa, likamwinua kama lilivyopaswa. Chombo cha jirani kilimfikia akiwa bado anapumua. Wakamshika kola ya jaketi wampandishe. Mikono yake ikapanda juu, jaketi likavuka kichwa, likabaki mikononi mwao. Jaketi lilikuja, Mzee hakuja.

Mama Okazoe, niwie radhi. Nadhani hujawahi kuisikia habari hii hadharani namna hii.

Baada ya msiba Mhandisi aliandika waraka wa pili, kwa maneno yaleyale karibu yote, na mihuri saba ikapigwa kwa siku moja, yote ikiwa wima. Mkanda ukashonwa. Leo upo kwenye kila jaketi tunalotengeneza. Miaka miwili iliyopita, ndege moja ya visiwani ilipolazimika kutua juu ya maji, watu kumi na mmoja walipandishwa kwenye maboya wakiwa wameshikwa kola, na mmoja wao alikuwa bibi wa miaka themanini na moja mwenye uzito wa mtoto wa shule. Jaketi halikumvuka. Kiwanda kizima tulishangilia. Nilimkuta Mhandisi bwawani peke yake, nikampa mkono wa pongezi. Akasema, "Mkanda umechelewa, Wakui. Ningejua kuandika, usingechelewa."

Na mnajua alikuwa amefanya nini tangu waraka wake wa kwanza urudi? Alikwenda kujifunza kuandika. Mtu mwenye hataza ishirini na tatu alijiandikisha kwenye darasa la uandishi wa barua la ukumbi wa mji, kila Jumanne jioni, akiketi pamoja na mabibi wanaojifunza kutunga kadi za mwaka mpya. Miaka kumi na moja hajakosa Jumanne. Sisi tulimtania. Mimi nilimtania kuliko wote. "Mhandisi, leo mmejifunza nini, kumwandikia mkwe?" Naye alicheka na kunionyesha daftari lake, sentensi zilizokatwa kwa wino mwekundu na mwalimu mwenye umri wa binti yake.

Ningenyamaza hadi leo, siwadanganyi. Lakini mwezi uliopita Mama Okazoe alikuja kiwandani akiwa na figili za kuchachusha kwenye kitambaa, akaniuliza mlangoni: "Bwana Wakui, nisaidie. Kila mwaka siku ya kumbukumbu Bwana Kusunoki anakuja nyumbani, anamwashia mume wangu ubani, kisha ananigeukia na kuinama hadi kwenye mkeka, ananiomba radhi kwamba aliandika vibaya. Mara kumi sasa. Naona haya kumuuliza. Aliandika nini huyu mtu?"

Nikashuka masjala. Mafaili ya zamani yalikuwa yanafungwa kwenye maboksi ili yapelekwe ghalani, nikayafungua moja baada ya jingine, na waraka nikaupata. Ninao hapa. Kisanduku cha tatu: Wakui, kichwa chini. Kisanduku cha nne: Himuro, kichwa chini. Viwili vya kwanza vina mihuri iliyo wima, na vitatu vya juu ni vitupu.

Bwana msimamizi, naona mkono wako umesogea. Bado kidogo.

Nataka niwasomee alivyoandika Mhandisi Kusunoki. Si mrefu. Bi. Egashira, wewe usiyejua majaketi, sikiliza. Naibu Meya, nawe. Na vijana wa mwaka huu, hasa ninyi.

"Jaketi letu humwinua mtu vizuri akiwa ametulia majini. Haliwezi kumshikilia anapovutwa juu. Mtu mwembamba, mzee au mtoto akishikwa kola na kuinuliwa, mikono yake hupanda, na jaketi huvuka kichwa. Nimelijaribu mara arobaini. Lilivuka mara kumi na saba. Mkanda mmoja unaopita kati ya miguu huzuia jambo hili. Nilipoufunga nikajaribu tena mara arobaini, jaketi halikuvuka hata mara moja. Wavuvi hawataupenda mwanzoni. Naomba tuufunge hata hivyo."

Kuna yeyote humu ukumbini ambaye hakuelewa?

Naona hakuna mkono.

Na niongeze jambo ambalo halimo kwenye waraka. Mara hizo kumi na saba, mtu aliyekuwa ndani ya jaketi nilikuwa mimi. Nilishakuwa mkuu wa sehemu lakini aliniita, kwa sababu nilikuwa mwembamba na bado sikujua kuogelea. Mara kumi na saba nililiona jaketi likinipita usoni na maji yakafunga juu yangu, na mara kumi na saba yeye mwenyewe aliruka bwawani na nguo zake akanitoa. Katika watu saba wa ile mihuri, hapakuwa na mmoja aliyeujua ukweli wa waraka huu kwa mwili wake kama mimi. Kwa hiyo msije mkasema, alikuwa na haraka tu, ni bahati mbaya tu. Muhuri ulikuwa bahati mbaya. Lile "asante, Bwana Mkuu" halikuwa bahati mbaya. Na lile "labda kidogo, Mhandisi" lilikuwa uongo niliomwambia mtu aliyeniomba ukweli kwa jina la urafiki.

Asubuhi ya leo nimemweleza Mkurugenzi Mkuu haya yote na kumkabidhi barua yangu. Ataamua yeye na wakurugenzi wenzake, na watakaloamua nitalikubali. Hilo ni la kiwanda.

Langu ni na ninyi wawili.

Mama Okazoe, swali lako la mlangoni hili ndilo jibu lake. Bwana Kusunoki hakuandika vibaya. Kila mwaka uliinamiwa na mtu asiye na kosa, huku mwenye kosa akipita mbele ya nyumba yako kila asubuhi akienda kazini na kukuambia hali ya hewa ni nzuri leo.

Mhandisi Kusunoki. Nakuona. Umeshaweka kikombe chini, umeshashika kingo za kiti, unataka kuinuka. Nakujua. Sisi watu wa hapa tumelelewa hivyo: mwenzako akikuomba radhi mbele ya watu, unainuka haraka, unainama chini kuliko yeye, unasema si kitu, si kitu kabisa, mimi ndiye niliyekusumbua. Ukilisema hilo, ukumbi mzima utapumua, msimamizi atawasha muziki, tutakula, na wewe utapanda boti kesho ukiwa umebeba na langu pia.

Nakuomba, usiseme si kitu. Ndiyo zawadi pekee ninayokuomba mimi badala ya kukupa. Keti. Ni kitu. Kilikuwa kitu siku ile mezani kwangu, kikawa kitu mwezi wa pili, na kimekuwa kitu kila Jumanne kwa miaka kumi na moja. Uliwasamehe watu wote walioishika vibaya mikoba na mikanda na filimbi. Mimi usinisamehe kwa adabu. Nikasirikie kwanza, kama kweli unaweza kukasirika, sijawahi kuona. Kama baada ya hapo kutabaki jambo la kuniambia, boti yako inaondoka saa tatu na dakika arobaini, nami nitakuwa gatini tangu saa mbili. Unaweza kunitukana. Unaweza kunipita bila kunitazama, nitaelewa. Lakini kuhusu ule ushauri wa siku mbili kwa wiki ulioukataa, hao vijana wa meza ya nyuma wameusikia waraka wako sasa hivi, na naona wawili tayari wanauandika kwenye vitambaa vya mezani.

Bwana Naibu Meya, Bwana Mkurugenzi Mkuu, Mama Okazoe, ndugu zangu nyote: nawaombeni msinipigie makofi, hotuba hii haiyastahili. Nawashukuru kwa kunivumilia hadi neno hili la mwisho. Mhandisi amebaki kitini. Asante, Mhandisi.